Meneja Mpya na Kelele za Watazamaji



Nimesikia kwa masikio yangu, na nimesoma katika barua zinazozunguka kati yetu sisi tuliomaliza shule, kwamba mwalimu mpya wa timu yetu ya mpira aondolewe. Wanaosema hivyo ni wengi, na baadhi yao ni marafiki zangu. Nao wanaosema asiguswe ni wengi vile vile. Jambo lililonifanya nishike kalamu ni kwamba pande zote mbili hutumia mfano mmoja tu, nao ni wa Manchester United. Huyu atasema, "Hata Ferguson alipewa muda." Yule atajibu, "Huyu si Ferguson, huyu ni Moyes." Basi, mjadala umekwisha, hakuna aliyemshinda mwenzake, wala hakuna aliyeongeza neno la maana. Naomba nafasi katika gazeti letu niieleze mifano hiyo jinsi ilivyokuwa, maana naona wengi wetu twaijua kama watoto wajuavyo hadithi ya sungura na fisi: twajua nani alishinda mwishoni, lakini njia aliyopita hatuijui.

Nianze na Ferguson. Watu wengi hudhani kwamba alipofika Manchester alikuwa mtu asiyejulikana, akavumiliwa kwa huruma tu. Sivyo hata kidogo. Alex Ferguson alikuwa amekwisha kujipatia jina kubwa katika Scotland akiwa meneja wa Aberdeen. Kule alichukua ubingwa wa ligi mara tatu, mwaka 1980, 1984 na 1985, mbele ya Celtic na Rangers, klabu mbili zilizozoea kugawana vikombe kama ndugu wagawanavyo urithi wa baba yao. Na mwaka 1983, katika mji wa Gothenburg, aliwafunga Real Madrid magoli 2 kwa 1 akachukua Kombe la Washindi la Ulaya. Kwa hiyo mashabiki wa Manchester walipopata habari tarehe 6 Novemba 1986 kwamba Ron Atkinson amefukuzwa na Ferguson amewekwa mahali pake siku ile ile, hawakuwa na haja ya kuuliza huyu ni nani. Swali lilikuwa jingine: je, ataweza yaliyowashinda wenzake?

Maana wenzake hao walikuwa watano. Sir Matt Busby, aliyestaafu mwaka 1969, ndiye aliyeichukua klabu mwaka 1945 uwanja wake ukiwa umevunjwa na mabomu ya vita. Alijenga timu, akaipoteza katika ajali ya ndege mjini Munich tarehe 6 Februari 1958, ajali iliyowaua watu 23, na 8 kati yao walikuwa wachezaji. Kisha akajenga timu nyingine iliyochukua Kombe la Ulaya mwaka 1968. Kumrithi mtu wa namna hiyo ni mzigo. Wilf McGuinness alitwikwa mzigo huo akiwa na umri wa miaka 31, akautua baada ya mwaka mmoja na nusu. Frank O'Farrell naye vivyo hivyo. Tommy Docherty alishuka daraja pamoja na timu mwaka 1974, akapanda nayo tena mwaka uliofuata, akachukua Kombe la FA mwaka 1977, na kabla ya msimu mpya kuanza alikuwa amekwisha ondoka kwa mambo yasiyohusu mpira. Lakini anayenishangaza zaidi ni Dave Sexton. Huyu alishinda mechi 7 za mwisho mfululizo katika msimu wa 1980-81, halafu akafukuzwa! Hakuwa ameleta kikombe kikubwa hata kimoja, na watazamaji walikuwa wamechoka, wakisema mpira wake unaleta usingizi. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba ushindi hufunga midomo ya watu. Haufungi daima.

Basi Ferguson aliikuta timu ikiwa ya 21 katika ligi ya timu 22. Siku mbili baadaye alikwenda nayo Oxford, akapigwa magoli 2 bila. Msimu ule ulimalizika wakiwa wa 11. Mwaka uliofuata walikuwa wa pili, watu wakafurahi, wakasema sasa mambo yametengenea. Mwaka wa tatu wakarudi kuwa wa 11. Mwaka 1989 alinunua wachezaji kwa fedha nyingi sana kwa siku zile. Gary Pallister peke yake aligharimu pauni milioni 2.3. Na malipo ya fedha hizo yalikuwa nini? Tarehe 23 Septemba 1989 walikwenda kwa jirani zao, Manchester City, wakafungwa magoli 5 kwa 1. Atakayetaka kujua uchungu wa jambo hilo na akumbuke siku tuliyofungwa sisi na majirani zetu wa ng'ambo ya mto, ambao majina yao sitayataja kwa kuwa wanajijua.

Tarehe 9 Desemba mwaka ule ule wakaja Crystal Palace katika uwanja wa Old Trafford. Hao Crystal Palace walikuwa wamefungwa na Liverpool magoli 9 bila mwezi Septemba. Walikuja, wakashinda magoli 2 kwa 1, wakaenda zao. Ndipo katika kundi la watazamaji likainuliwa bango la kitambaa, nalo limekuwa maarufu kuliko mabango yote ya mpira niyajuayo. Maneno yake, nikiyaweka katika lugha yetu na kupunguza ukali, yalisema: miaka mitatu ya visingizio na bado ni takataka, kwa heri, Fergie.

Leo bango lile huchekwa. Kila mara mashabiki wa klabu yo yote wakitaka meneja aondoke, atatokea mtu mwenye hekima ya baadaye aseme, "Msiwe kama yule wa bango." Mimi natofautiana naye, na ningependa kumtetea kidogo yule aliyelishika. Tazameni alikuwa na ushahidi gani. Alikuwa amekwenda uwanjani. Alikuwa amelipa kiingilio chake. Alikuwa amengoja miaka mitatu, si wiki tatu. Aliona timu ya 11, ya pili, ya 11, na sasa inaelekea chini tena. Na kweli msimu ule walimaliza wakiwa wa 13. Aliona fedha zimetumika. Aliona wachezaji wawili waliopendwa sana, Paul McGrath na Norman Whiteside, wameuzwa. Alimwona Crystal Palace akiondoka na ushindi. Kwa mtu aliyekaa pale alipokaa, hukumu ile haikuwa ya kijinga. Mambo yaliyomjibu hayakuwa pale uwanjani siku ya Jumamosi. Yalikuwa mahali pengine kabisa, mahali ambapo yeye hakupata nafasi ya kuingia.

Yalikuwa katika viwanja vya mazoezi na katika nyumba za watoto wa shule. Ferguson alipofika aliona kwamba klabu imeacha kutafuta vijana katika mji wake wenyewe, na kwamba City wanawachukua walio bora. Akaongeza watu wa kutafuta vijana, akaanza yeye mwenyewe kubisha hodi milangoni. Ryan Giggs alikuwa akifanya mazoezi upande wa City. Tarehe 29 Novemba 1987, siku kijana huyo alipotimiza miaka 14, Ferguson alikwenda nyumbani kwao na kumpa nafasi United. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Timu ya wakubwa inahangaika, magazeti yanapiga kelele, na meneja anatumia jioni yake kuzungumza na mama wa mtoto wa miaka 14 ambaye hawezi kumsaidia kushinda mechi hata moja kwa miaka mitatu ijayo! Mtu anayeogopa kufukuzwa wiki ijayo hafanyi hivyo. Kadhalika alipigana na ulevi. Wachezaji wengi wa siku zile walikunywa pombe kama maji, naye alikata shauri kwamba mlevi hata akiwa hodari ataondoka.

Si kwamba kila alilofanya lilikuwa sawa. McGrath aliyemuuza alicheza vizuri sana Aston Villa, na mwaka 1993 wachezaji wenzake wa Uingereza walimchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka. Wanaomsifu Ferguson hupenda kuliruka jambo hili. Lakini kazi ya vijana ilizaa. Mwaka 1992 timu ya vijana ya United ilichukua Kombe la Vijana la FA, na ndani yake walikuwamo Giggs, David Beckham, Nicky Butt na Gary Neville. Mwenye macho angeweza kuwaona watoto hao wakikua miaka kadhaa kabla ya dunia kuwaona.

Sasa nije kwenye hadithi ya goli la Mark Robins, ambayo kila mtu huisimulia. Tarehe 7 Januari 1990 United walicheza na Nottingham Forest katika Kombe la FA, ugenini, na ikavumishwa kwamba wakifungwa, Ferguson atakwenda. Robins, kijana wa miaka 20, akafunga goli moja, wakashinda, wakaendelea mpaka fainali, wakatoka sare ya 3 kwa 3 na Crystal Palace wale wale, wakarudiana, na Lee Martin akafunga goli pekee. Kikombe cha kwanza. Ati goli moja likaokoa kazi yake yote! Hadithi ni tamu, lakini Martin Edwards, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu siku hizo, alisema baadaye kwamba hawakuwa na nia ya kumfukuza hata kama angefungwa. Namwamini kwa sababu moja. Wakurugenzi, na Bobby Charlton miongoni mwao, walikuwa wakiijua kazi ile ya vijana kwa karibu. Walikuwa na kitu cha kutazama zaidi ya jedwali la ligi. Uvumilivu wao haukuwa wa kufumba macho na kuomba Mungu.

Yaliyofuata mnayajua. Ubingwa wa mwaka 1993, wa kwanza baada ya miaka 26. Vikombe vitatu vikubwa katika msimu mmoja mwaka 1999. Ubingwa wa ligi mara 13 kwa jumla, mpaka alipostaafu mwaka 2013.

Siku ya mechi yake ya mwisho nyumbani, Mei 2013, alishika kipaza sauti katikati ya uwanja, akawakumbusha watazamaji kwamba yeye alipokuwa katika shida klabu ilisimama naye, na kwamba kazi yao sasa ni kusimama na meneja mpya. Nao wakaitika. David Moyes, aliyekuwa Everton kwa miaka 11, alipewa mkataba wa miaka 6. Mashabiki wakatundika bango kubwa lenye picha yake, wakimwita Mteule. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda, na hapa unyemi ulikuwa mwingi.

Mwaka 2014 mimi nilikuwa kidato cha nne. Habari za ligi zilitufikia kwa redio ya mlinzi wa lango, mzee mpole aliyekuwa shabiki wa Arsenal na ambaye kwa hiyo alitusomea matokeo ya United kwa sauti ya juu zaidi kila walipofungwa. Alipata kazi nyingi msimu ule. West Bromwich walishinda Old Trafford. Everton walishinda pale kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1992, na siku tatu baadaye Newcastle nao wakashinda kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1972. Liverpool walikuja mwezi Machi wakafunga 3 bila, City wakaja baada ya siku 9 wakafunga 3 bila. Bweni letu liligawanyika. Wavulana wawili waliolala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu mmoja chini, hawakusemezana kwa muda wa majuma mawili kwa ajili ya Moyes, mtu ambaye hakujua kwamba Uganda ina bweni kama lile.

Tarehe 29 Machi 2014, United wakicheza na Aston Villa, ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikivuta bango la kutaka Moyes aondoke. Baadhi ya watazamaji walioketi chini waliizomea ndege ile, na Moyes akapigiwa makofi. United wakashinda 4 kwa 1. Hapa ndipo nionapo tofauti na bango la 1989. Lile lilishikwa kwa mikono na mtu aliyekuwa ndani, katikati ya wenzake, mbele ya macho ya aliyemlaumu. Hili lilikodiwa, likapita hewani, na waliolilipia hawakuhitaji hata kuwapo. Siku hizi kelele nyingi ni za namna ya pili.

Moyes alifukuzwa tarehe 22 Aprili 2014, miezi kumi tu katika miaka ile sita. Je, alionewa? Naona wengi watakasirika, lakini sisemi kwamba alionewa kabisa. Alipokea timu iliyochukua ubingwa kwa kuwapita wa pili kwa pointi 11, na msimu wake ukaisha timu ikiwa ya 7. Hata hivyo tazameni alikabidhiwa nini. Mabeki walikuwa wazee: Rio Ferdinand miaka 35, Vidic na Evra wamepita 30. Giggs alikuwa na miaka 40! Paul Scholes alistaafu siku moja na Ferguson. Na David Gill, mkuu wa ofisi aliyejua kununua wachezaji, aliondoka wakati ule ule. Mahali pake akaja mtu mgeni katika kazi hiyo, na dirisha la usajili likafungwa wakiwa hawajampata mchezaji mwenye jina ila Marouane Fellaini. Basi wale waliopaswa kumtazama Moyes katika kazi yake ya siku za wiki, na kusema "ngojeni, kuna kitu kinakua hapa," walikuwa wamekwenda. Wakabaki waliotazama jedwali. Jambo jingine ni kwamba Moyes mwenyewe hakuonyesha wazi kitu kinachokua. Mwaka 2023 mtu huyu huyu aliwapa West Ham Kombe la Konferensi la Ulaya mjini Prague, hivyo si kweli kwamba hajui kazi. Pale Manchester, katika miezi ile kumi, hakukuwa na Giggs wa miaka 14 aliyebishiwa hodi.

Na baada ya kumfukuza, je, walipona? Louis van Gaal alichukua Kombe la FA mwaka 2016, akafukuzwa siku mbili baadaye. José Mourinho alichukua vikombe viwili mwaka 2017, akafukuzwa Desemba 2018. Ole Gunnar Solskjaer, ambaye mashabiki walimwimba kwa sababu ya goli lake la mwaka 1999, aliondoka Novemba 2021. Erik ten Hag alichukua Kombe la FA Mei 2024, akaongezewa mkataba Julai, akafukuzwa Oktoba. Ruben Amorim akaja Novemba, na msimu ule timu ikamaliza ikiwa ya 15. Kila mmoja alipokewa kwa nyimbo. Mtu akibadilisha dereva mara tano na gari bado linazima, mwishowe itambidi afungue boneti.

Mashabiki wa Manchester wenyewe walikwisha kulifahamu hilo. Mwaka 2005 jamaa wa Glazer walipoinunua klabu kwa fedha za mkopo na deni likatwikwa klabu, baadhi ya mashabiki waliondoka wakaunda timu yao, FC United of Manchester. Na tarehe 2 Mei 2021, baada ya klabu kubwa kujaribu kuanzisha ligi yao ya matajiri, mashabiki waliingia Old Trafford hata mechi ya Liverpool ikaahirishwa. Mimi siwasifu kwa kuvunja milango. Lakini nasema hasira yao siku ile ilikuwa na anwani sahihi. Kumlaumu meneja ni rahisi kwa sababu yeye husimama karibu na mstari, tunamwona; wenye mali huketi mbali nyuma ya vioo.

Niingize neno moja ambalo huenda halitawapendeza wadogo zetu. Ukienda katika vibanda vya mpira hapa kwetu Uganda siku ya Jumamosi, utasikia meneja akitukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la shule. Sikiliza vizuri, halafu tazama mkononi mwa anayetukana. Mara nyingi ameshika karatasi ya kamari. Timu imetoka sare, na sare imekula fedha ya chakula, au ya karo. Huyo si shabiki anayelia kwa ajili ya klabu yake. Ni mtu aliyepoteza fedha akitafuta wa kumdai. Sheria ya nchi ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na mimi nimewaona vijana waliovaa sare za shule katika foleni ile. Hukumu ya mtu wa namna hiyo juu ya meneja, hata ikiwa sahihi, ni sahihi kwa bahati tu.

Tena hatuna haja ya kwenda Manchester kila siku. Bobby Williamson aliifundisha Cranes yetu tangu 2008. Tarehe 8 Oktoba 2011 pale Namboole tulihitaji kuwafunga Kenya, tukatoka bila kwa bila, tukakosa Kombe la Afrika. Mwaka uliofuata Zambia walitutoa kwa penalti 9 kwa 8. Williamson akaondoka mwaka 2013 watu wakishangilia. Akaja Milutin Sredojević, tumwitaye Micho; naye jaribio la kwanza akashindwa, na kelele zikaanza upya. Walakini tarehe 4 Septemba 2016 Farouk Miya akawafunga Comoros, na Uganda ikarudi katika mashindano yale baada ya miaka 39. Sifa zote zilimwendea Micho, na anastahili. Lakini langoni mwaka 2017 alikuwa nani? Denis Onyango. Nahodha alikuwa nani? Geoffrey Massa. Wote wawili walikuwa katika timu ya Williamson. Sijasikia mtu hata mmoja akilitaja jina lake siku ya Comoros.

Sasa nirudi shuleni. Mwalimu mpya wa timu alikuja mwanzoni mwa mwaka. Tulifungwa 4 bila na majirani, na tukatolewa katika mashindano ya wilaya raundi ya kwanza, jambo ambalo halikutokea siku zangu wala siku za walionitangulia. Kwa ajili hiyo baadhi ya wanafunzi wa zamani wamesema hawatatoa mchango wa viatu na nyavu mpaka aondoke. Mimi naishi mji huu huu, nami nilikwenda kutazama mazoezi jioni tatu. Niliona wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili wapatao ishirini, wakifanya mazoezi yao wenyewe na mipira minne iliyochakaa. Wakati wangu mtoto wa kidato cha kwanza aliruhusiwa kuokota mipira tu. Niliona pia kwamba nahodha wa mwaka jana, kijana hodari, ameketi nje kwa sababu ya kuchelewa, na kwamba hakuna aliyeelezwa sababu hiyo isipokuwa yeye. Hapo namlaumu mwalimu. Akiwa kimya watu watajaza ukimya huo kwa maneno yao wenyewe. Tena amebadilisha golikipa mara tatu katika mechi sita. Sijui golikipa gani anaweza kujiamini hivyo.

Sisemi apewe miaka mitatu, wala miaka sita. Nasema kwamba yule shabiki wa 1989 hakuwa na ruhusa ya kuingia katika viwanja vya mazoezi, na sisi tunayo. Anayezuia mchango wake hamzuii mwalimu, ambaye mshahara wake hautoki kwetu. Anawazuia wale ishirini na mipira yao minne. Na kama mwisho wa mwaka ujao wale watoto hawajui kupiga pasi, na mwalimu bado hasemi na mtu, mimi mwenyewe nitatia sahihi barua ya kumwomba mkuu wa shule atafute mwingine, nayo tutampelekea tukiwa tumesimama mbele yake.

Mchango wangu nimekwisha mkabidhi katibu wa michezo, naye amenipa stakabadhi. Mazoezi ni kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, katika uwanja wa chini. Wanafunzi wa zamani wapitie lango la upande wa zahanati, ndilo lililo wazi saa hizo.